Siku Moja Katika Mji wa Darjeeling

Msafiri aendaye Sikkim, au atokaye Nepal kurudi Kolkata, mji ulioitwa zamani Calcutta, mara nyingi hupata siku moja tu ya kupumzika njiani, nayo huitumia Darjeeling. Huwasili jioni, hulala, hushinda siku ya pili akitembea, na asubuhi ya tatu amekwenda zake. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kuujua mji. Lakini akiwa na miguu mizima, na akikubali kuamka saa tisa ya usiku, ataona mambo mengi. Na moja katika hayo, kama yeye ni mtu wa shamba, hatalisahau upesi, ijapokuwa silo lililomleta.

Lililomleta ni mlima. Kila picha iliyotundikwa katika hoteli humwambia kuwa kutoka hapa huonekana Kanchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, wenye theluji mwaka mzima. Asiloambiwa kwa sauti kubwa ni kwamba mlima huo hujificha. Tangu Juni mpaka Septemba, wakati wa mvua kubwa za huko, mawingu huulalia mji siku baada ya siku, na wageni hurudi makwao wasione hata ncha moja nyeupe. Miezi iliyo mizuri ni Oktoba, Novemba na Desemba, na hata hapo hapana ahadi.

Mji wenyewe uko kaskazini ya jimbo la West Bengal nchini India, juu ya mgongo wa mlima, kiasi cha futi 6,700 toka usawa wa bahari. Hivyo ni chini kidogo kuliko Limuru, na mtu wa Limuru akishuka garini jioni ya Novemba atautambua ukungu ule na baridi ile iingiayo mikononi kwanza. Ila Limuru ina mahali pa kuweka mguu. Darjeeling mlima umesimama kama ukuta, na nyumba zimeshikilia ukuta huo, sakafu ya moja ikiwa juu ya paa la nyingine. Barabara za magari ni chache na nyembamba. Njia nyingine zote ni ngazi. Mzee mwenye gunia la viazi mgongoni hupanda ngazi mia mbili bila kupumzika, na kijana mgeni mwenye mfuko mtupu husimama katikati akitweta na kujifanya anatazama mandhari.

Jina la mji limetoka katika maneno ya Kitibeti, Dorje Ling, yaani mahali pa radi. Nchi hii ilikuwa ya Mfalme wa Sikkim. Mwaka 1835 Mfalme huyo alikubali kuwapa Waingereza kipande cha mlima, wapate mahali pa baridi pa kuwapumzisha askari na maofisa waliougua homa katika nchi ya chini. Mwaka 1839 akaja Daktari Archibald Campbell kuwa msimamizi. Daktari huyo alipenda kujaribu mimea, na mwaka 1841 alipanda mbegu za chai karibu na nyumba yake ili aone kama zitaota. Zikaota. Mpaka leo mgeni akisimama mahali popote mjini, akatazama chini, macho yake huangukia matokeo ya jaribio lile.

Saa tisa na nusu ya usiku mlango wa chumba hugongwa. Nje magari aina ya jipu yamekwisha kupanga mstari, taa zimewashwa, na madereva wanapigiana honi kana kwamba mji mzima haulali. Safari ni ya maili 7 hivi kwenda Tiger Hill, kilima chenye urefu wa futi 8,482, ambako watu hungojea jua. Siku za likizo magari huwa mengi hata mengine hukwama njiani, na abiria hushuka na kumaliza safari kwa miguu gizani, wamejifunga blanketi za hoteli. Akina mama wenye chupa za moto hupita katikati ya watu wakiuza kahawa na chai katika vikombe vidogo. Hapana mwenye kupatana nao bei, kwa kuwa vidole vimekufa ganzi.

Kisha hungojewa. Watu mia kadhaa husimama wakiutazama upande wa kaskazini ulio mweusi tupu, wala hakuna anayejua kama mbele yake kuna mlima au wingu. Ikiwa ni wingu, kunapambazuka polepole, rangi ya majivu, mpaka kila mtu aone uso wa mwenzake. Madereva huwasha magari, na watu hushuka kimya. Dereva husema labda kesho. Lakini mtu wa siku moja hana kesho.

Mawingu yakikubali, jambo la kwanza kuonekana silo jua. Ni doa jekundu lililoning'inia hewani, juu sana kuliko mahali macho yalipokuwa yakitazama. Wageni wengi hufanya kosa hilo: hutazama mbele, nao mlima uko juu ya hapo walipodhani mwisho wa dunia. Doa huteremka, likawa rangi ya chungwa, kisha la dhahabu, na chini yake bega la mlima hufunguka, na la pili, na la tatu, hata upande mzima wa kaskazini uwe theluji. Bondeni bado ni usiku. Kanchenjunga una futi 28,169. Msomaji auchukue Mlima Kenya mzima, aweke juu yake futi 11,000 nyingine, ndipo atakuwa amekaribia. Nao uko umbali wa maili 45 hivi! Magharibi kabisa, nyuma ya vilele vingine, huonekana ncha ndogo isiyo na fahari, na watu huonyeshana kwa vidole. Hiyo ndiyo Everest, mkubwa wa milima yote, lakini kwa sababu ya umbali huonekana kama mtoto aliyesimama nyuma ya wazee.

Mpaka katikati ya karne ya 19 walikuwako wapimaji waliodhani kuwa Kanchenjunga ndio mrefu kuliko yote, hata hesabu za Everest zilipokamilika. Kwa watu wa Sikkim ni mlima mtakatifu, na heshima hiyo imelindwa kwa namna ambayo si ya kawaida. Waingereza George Band na Joe Brown, waliokuwa wa kwanza kuupanda, tarehe 25 Mei 1955, walisimama hatua chache chini ya kilele na kugeuka. Kiongozi wa msafara wao, Charles Evans, alikuwa amemwahidi Mfalme wa Sikkim kuwa kilele hakitakanyagwa. Waliowafuata siku ya pili walifanya vilevile, na wapandaji wengi wa baadaye wameishika desturi hiyo. Wasomaji wa Nyeri na Kirinyaga, ambao babu zao waliomba wakielekea Mlima Kenya, hawahitaji kuelezwa maana yake.

Wakati wa kurudi magari hupita Ghum. Hapo iko nyumba ya watawa wa dini ya Buddha, Yiga Choeling, iliyojengwa mwaka 1850, na ndani yake sanamu ya Buddha anayengojewa kuja, urefu wake futi 15. Mgeni huvua viatu mlangoni. Taa za samli huwaka mbele ya sanamu, na harufu yake humfuata mtu mpaka nje.

Ghum ni kituo cha gari la moshi vilevile, futi 7,407 juu ya bahari, na reli ile ndiyo fahari ya pili ya nchi hii. Ilijengwa tangu mwaka 1879 mpaka 1881, kutoka Siliguri ulio katika tambarare yenye joto, mpaka Darjeeling. Aliyeleta shauri hilo alikuwa Franklin Prestage, wakala wa reli moja ya Bengal. Upana wa njia ni futi 2 tu, wakati reli ya zamani ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ina upana wa mita moja. Wajenzi hawakutoboa mlima hata mara moja. Mahali penye mteremko mkali mno walifanya hivi: gari hupanda mbele, husimama, hurudi nyuma kinyumenyume likiwa bado linapanda, husimama tena, kisha huenda mbele, nalo likimaliza hatua hizo tatu limefika juu ya mahali lilipotoka. Mahali pengine reli huzunguka kama nyoka aliyejikunja na kupita juu ya mgongo wake mwenyewe. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliiandika reli hii katika orodha ya mambo yanayostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya ulimwengu wote.

Mwenye haraka hapandi gari hilo kutoka Siliguri, kwa maana humaliza kutwa nzima, na jipu hufika kwa saa tatu au nne. Lakini iko safari fupi ya kutoka Darjeeling mpaka Ghum na kurudi, muda wa saa mbili, na katika baadhi ya safari hizo huvutwa na injini za mvuke za mtindo uliobuniwa mwaka 1889. Kuitazama kazi ya injini hizo kwapendeza kuliko kutazama dirishani. Dereva na mchochea moto hawatoshi. Yuko mtu wa kuvunja mkaa wa mawe, na mbele kabisa, juu ya bafa, hukaa watu wawili wenye mchanga. Reli zikiwa na umande, wao hunyunyiza mchanga kwa mkono ili magurudumu yasiteleze. Gari hupita katikati ya soko, karibu na milango ya maduka kiasi ambacho abiria angeweza kuchukua chungwa katika meza ya muuzaji. Hukata barabara mara kwa mara, likipiga filimbi, na magari ya barabarani hungoja. Mbwa hawangoji, huondoka relini dakika ya mwisho, bila haraka, kama wenye cheo.

Katika mzunguko wa Batasia, uliofunguliwa mwaka 1919, gari husimama dakika kumi. Katikati ya mzunguko ipo bustani na nguzo ya ukumbusho wa askari wa Kigurkha wa wilaya hii waliokufa katika jeshi la India tangu nchi ilipopata uhuru mwaka 1947. Wagurkha walijulikana sana na Waafrika wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944, kwa kuwa wote walikuwa katika Jeshi la 14. Watu wengi wa Darjeeling ni wa kabila zisemazo Kinepali, na hadithi ya kufika kwao hapa haiachani na hadithi ya chai, kama itakavyoonekana.

Kabla ya chai, mgeni hupelekwa kilima kilicho kaskazini ya mji, kwenye Chuo cha Kupanda Milima cha Himalaya. Chuo hiki kilianzishwa tarehe 4 Novemba 1954, na sababu yake ilikuwa mtu mmoja, Tenzing Norgay. Alizaliwa mwaka 1914, akakulia katika vijiji vya Washerpa chini ya Everest, na ujanani alikuja Darjeeling kutafuta kazi ya upagazi, maana siku zile misafara ya Wazungu iliandikiwa wapagazi wake hapa. Mwaka 1935 alichukuliwa kwa mara ya kwanza. Alibeba mizigo ya watu wengine miaka 18, na tarehe 29 Mei 1953 yeye na Edmund Hillary wa New Zealand walisimama juu ya Everest. Hakujua kuandika, ijapokuwa alisema lugha nyingi, lakini ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wa mafunzo ya mlimani katika chuo. Alikufa Darjeeling tarehe 9 Mei 1986, mwili wake ukachomwa katika uwanja wa chuo, na sanamu yake imesimama hapo. Katika nyumba ya makumbusho vimo viatu, kamba na mavazi ya zamani. Mtu akiviona viatu vile, vizito na vya kizamani, huelewa zaidi kuliko kwa kusoma vitabu vitatu.

Karibu na hapo iko bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1958. Hufugwa humo chui wa theluji, na yule mnyama mdogo mwekundu mwenye mkia wa pete aitwaye panda mwekundu, ambaye watoto wake hurudishwa msituni tangu mwaka 2003. Mwenye saa chache apite kwa panda huyo, awaache wengine. Mbele zaidi kipo kituo cha wakimbizi wa Tibet, kilichoanzishwa mwezi wa Oktoba 1959, ambako mazulia hufumwa kwa mkono.

Basi ni adhuhuri, na jua likiwapo, hushukwa kwenda shamba la Happy Valley, lililoanzishwa mwaka 1854, chini kidogo ya mji. Mkulima wa Kericho au wa Murang'a akifika hapo atacheka kwanza. Miti ya chai ni midogo, majani yake ni membamba, na mingi ni mizee kupita umri wa mtu. Hii ni chai ya Kichina, ivumiliayo baridi. Ile ya Kenya, ambayo mbegu zake za kwanza zilipandwa Limuru mwaka 1903 zikitoka Bara Hindi, ni ya aina ya Assam yenye majani mapana. Halafu mteremko! Mahali pengine mchumaji husimama, na kichwa cha mwenzake aliye mstari wa chini kiko sawa na miguu yake. Tangu Desemba mpaka Februari miti hulala kabisa, haichumwi. Mwezi wa Machi huchipua mara ya kwanza, na chai ya wakati huo ni nyepesi, karibu rangi ya majani makavu. Mwezi wa Mei na Juni huchipua mara ya pili, na hiyo ndiyo inayosifiwa kwa harufu ya zabibu. Sababu ya harufu hiyo ni kidudu kidogo cha kijani ambacho hufyonza majani machanga. Jani likijeruhiwa hujitetea kwa kutoa utomvu wa namna nyingine, na utomvu huo ndio harufu yenyewe. Mahali pengine Bwana Shamba angeleta dawa. Hapa mdudu hukaribishwa.

Kiwandani kazi ni ile ile kwa jina, lakini si kwa mwendo. Majani hunyaushwa usiku mzima juu ya wavu, husokotwa taratibu kwa mashine ili yasikatike, huachwa yachache, hukaushwa, kisha huchekechwa. Chai nyingi ya Kenya hukatwa na kuraruliwa iwe punje ndogo za kukoza upesi, ifaayo kwa maziwa na sukari. Chai ya Darjeeling hubaki jani zima, na mtu akiitia maziwa mbele ya mwenye kiwanda atatazamwa kama aliyekosa adabu. Ni kidogo sana. Mashamba ya wilaya yaliyokubaliwa kutumia jina la Darjeeling ni 87, na mwaka 1990 yalitoa zaidi ya kilo milioni 10. Mwaka 2023 yalitoa kama milioni 6 tu, wakati Kenya mwaka huo ilitoa zaidi ya milioni 500. Lakini bei! Mwaka 2014 shamba la Makaibari liliuza chai yake moja ya pekee kwa dola 1,850 za Kimarekani kila kilo. Hiyo ni bei ya ajabu iliyopatikana mara moja, si ya kila siku. Hata hivyo chai nzuri ya kawaida ya hapa huuzwa ghali mara nyingi kuliko nyingine.

Wachumaji ni wanawake karibu wote. Kikapu hukaa mgongoni na mkanda wake hupita juu ya kipaji cha uso, sawasawa kama akina mama wa nchi ya Wakikuyu wabebavyo kuni. Huchuma majani mawili na chipukizi, na zaidi ya kilo 4 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Babu na bibi za wanawake hao waliletwa kutoka Nepal kufyeka msitu na kupanda miti hii, na wengi ni wa kizazi cha nne au cha tano katika shamba lile lile. Mwaka 2023 mshahara wao wa kutwa uliwekwa kuwa rupia 250, kiasi cha dola 3.

Mshahara mdogo si jambo geni kwa mchuma chai wa nchi yoyote. Jambo ambalo mkulima wa Kenya atauliza mara mbili, akidhani hakusikia vema, ni la ardhi. Ardhi ya mashamba ni ya serikali ya jimbo, nayo hukodishwa kwa makampuni. Nyumba za wafanyakazi, ziitwazo laini huko kama huku, zimo ndani ya shamba. Familia hukaa katika nyumba kwa sababu mmoja wao hufanya kazi shambani. Mama akizeeka, binti au mkaza mwana huchukua kikapu chake, na nyumba husalia yao. Asipopatikana wa kukichukua, haki yao ya kukaa huingia mashakani, hata kama makaburi ya babu zao yako nyuma ya jiko. Watu hawa wamepanda miti, wamejenga kuta za mawe, wamezaa na kuzika, wala hawana hati ya hata hatua kumi za udongo.

Mkulima mdogo wa Kenya si tajiri, na malalamiko yake juu ya bonasi yajulikana. Lakini zaidi ya wakulima wadogo 600,000 wa Kenya huchuma chai iliyo katika shamba lao wenyewe, na mwenye kukasirika aweza kung'oa miti akapanda viazi. Mchumaji wa Happy Valley hana cha kung'oa.

Jambo hilo si siri, na limekwisha kutoa machozi na hasira. Wasema Kinepali wa milimani wamedai miaka mingi wawe na jimbo lao, Gorkhaland, na mwaka 2017 madai hayo yalileta mgomo wa siku 104. Maduka yalifungwa, gari la moshi lilisimama, na chai ya mchipuo wa pili ilikua mpaka ikawa vichaka, hapana wa kuichuma. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kuwa itawapa wafanyakazi hati za viwanja visivyozidi sehemu moja ya ishirini ya eka. Wengi milimani walikataa, wakisema wanaokalia ni zaidi ya hapo, na kwamba hawakuomba kupunguziwa. Vijana nao hawangoji. Wengi wamekwenda Delhi na miji mingine kufanya kazi za hoteli na ulinzi, na katika mashamba mengi asubuhi hukosekana wa kushika vikapu. Wenye mashamba hulia kwa sababu hiyo, nao wana haki ya kulia. Lakini kijana aliyeona mama yake akiondoka shambani na magoti yaliyoharibika na bila kipande cha ardhi ana hesabu yake mwenyewe.

Jioni kila mtu hupanda Chowrasta, uwanja mdogo ulio juu ya mji ambako njia nne hukutana na magari hayaruhusiwi. Wazee hukaa juu ya mabenchi, watoto hupanda farasi, na wauzaji huita watu wale momo, vitumbua vya unga vyenye nyama au kabichi vilivyopikwa kwa mvuke. Nyuma ya uwanja kipo kilima chenye hekalu la Mahakal, ambamo padri wa Kihindu na mtawa wa Kibuddha hukaa pamoja, kila mmoja na vitabu vyake, nao waabuduo hupita kwa wote wawili. Madukani chai huuzwa katika makopo na mifuko, na muuzaji humtengenezea mgeni kikombe bila kudai kitu. Mgeni akinunua robo kilo ya mchipuo wa pili huenda akawa ametoa mshahara wa mchumaji wa siku nne au tano, naye hafikiri kuwa amepunjwa.

Hotelini maji ya moto huletwa kwa ndoo. Mji uliojengwa kwa ajili ya wagonjwa wachache sasa una watu wengi kupita uwezo wa mabwawa yake, na magari ya tangi huuza maji toka mtaa mpaka mtaa. Ni ajabu ya nchi hii kwamba mvua hunyesha miezi minne mfululizo na watu hununua maji.

Asubuhi ya kuondoka jipu hujazwa abiria mpaka mlango ufungwe kwa nguvu. Kaskazini ni wingu jeupe, na mgeni wa chumba cha pili, aliyekuja jana usiku, anaulizia saa ya kwenda Tiger Hill. Barabara huteremka ikifuatana na reli, hukata reli, huiacha, huikuta tena. Chini ya Ghum wanawake wamekwisha kuingia mteremkoni, mistari mitatu, vikapu bado vitupu, na mmoja amesimama akikaza mkanda kichwani. Jipu hupiga kona. Kurseong watu hunywa chai kwa maziwa na tangawizi katika bilauri. Kufika New Jalpaiguri joto limekwisha kuwa kali, makoti yanavuliwa, na katika jukwaa la kwanza treni ya Kolkata inangoja.